Fundi wa Jenerali Tsugawa

Barua ilimkuta fundi Kuang Yaoting amepiga magoti sakafuni, anapima pindo la buibui. Ilikuwa Machi, mwaka 1998, na manyunyu ya Guangzhou, yale yasiyokolea wala yasiyokatika, yalikuwa yamelowesha vichochoro vyote vya soko la Shahe. Aliyeileta barua ni mwanamke wa ofisi ya mtaa, yule yule wa notisi za maji na umeme. Siku zote alikuwa akizitupa karatasi zake juu ya meza na kwenda zake. Safari hii aliishika kwa mikono miwili.

"Mzee Kuang, una jamaa Japani?"

"Sina."

"Basi wao wanakujua," alisema yule mwanamke, akaiweka bahasha mezani na kuisogeza kwa ncha ya kidole, kama kitu kinachoweza kuuma.

Mwanahija, mwenye buibui lile, aliziona pini zikimponyoka fundi mikononi. Mikono ile ilikuwa na miaka sabini na saba, na bado ilitunga uzi kwenye sindano bila miwani. Mwaka mzima aliokuwa akimletea kazi hakuwahi kuiona ikiangusha kitu.

"Mzee Kwangu, kuna msiba?" alimuuliza kwa Kiswahili.

"Bado," alijibu fundi, kwa Kiswahili vilevile.

Lugha hiyo aliitoa kwenye reli. Miaka mitatu, tangu 1971 hadi 1974, alikaa kambi ya Mlimba akishona mahema na ovaroli za wajenzi wa Tazara. Vibarua walishindwa kulitamka jina lake, wakalipinda mpaka likawatii: Kwangu. Mtu akichanika suruali alisema anakwenda kwa Kwangu, na wenzake wakacheka mpaka wakashika matumbo. Naye Kuang alicheka nao. Alijifunza shikamoo na marahaba, akajifunza kula ugali kwa mkono na kutukana mbu. Baada ya miaka zaidi ya ishirini, wafanyabiashara wa Dar es Salaam na Zanzibar walipoanza kuijua Guangzhou, walipelekana dukani kwake kumwangalia Mchina anayeitikia shikamoo. Mwanahija alikuwa mmoja wao, mwanamke wa Jang'ombe mwenye sauti ya kuamrisha, anayewaita wenye maduka wote laoban, yaani bosi, isipokuwa huyu tu.

Kilichompendeza Kuang kule Mlimba hakukisema kwa mtu. Kule hakuna aliyejua, wala aliyetaka kujua, alikuwa wapi wakati wa vita. Nchini kwake swali hilo halikumpa pumziko. Kila ilipoingia kampeni mpya ya siasa, fomu zilikuja: ulikuwa wapi, ulimfanyia nani kazi, nani anakushuhudia. Kila mara aliandika kwamba alikuwa akishona kofia sokoni. Alimwona jirani yake akivuliwa shati barabarani na kupigwa kwa sababu aliwahi kuwauzia Wajapani taa. Taa tu. Kuang alisimama katika umati ule akapiga kelele pamoja na wengine, na kelele yake ilikuwa kubwa kuliko zao.

Siku ile alingoja Mwanahija aondoke ndipo akaifungua bahasha. Barua iliandikwa kwa Kichina safi cha mfasiri wa kukodi. Mwandishi alijitambulisha kuwa ni Fumiko, binti wa marehemu Jenerali Tsugawa. Alisema familia inatayarisha kitabu cha maisha na uongozi wa baba yake, na kwamba katika daftari alilokuwa akiandika kila siku, jenerali alimtaja fundi Kuang mara kumi na nne. Walimtafuta kwa miaka miwili. Angefika Guangzhou mwisho wa mwezi, tarehe ishirini na nane, na angeshukuru sana kusikia kumbukumbu zake.

Mara kumi na nne. Kuang alisoma tena pale. Kisha akasikia hatua za mkewe zikishuka ngazi kutoka chumba cha juu, akaikunja barua na kuitia katika kopo la vifungo.

"Nani alikuja?" Suying aliuliza.

"Mtu wa umeme," alisema.

Wajapani waliingia Guangzhou Oktoba ya mwaka 1938. Tajiri wa Kuang, mzee aliyemfundisha kazi, alikimbilia Makao, koloni la Wareno, akamwachia cherehani na funguo. Kuang hakukimbia kwa sababu mama yake hakuwa na miguu ya kukimbilia. Alikuwa mgonjwa wa baridi yabisi, wa kubebwa kutoka kitandani hadi kitini. Mwaka uliofuata Kuang alimwoa Suying, binti wa wakulima wa Lianwei, kijiji cha mashamba ya maji upande wa mashariki, mwendo wa nusu siku kwa miguu. Akawa anashona anachopata.

Siku moja ya vuli gari la jeshi lilisimama mlangoni. Akashuka askari mwenye bunduki na mkalimani mmoja kutoka Taiwan, jina lake Gao. Gao alimwambia achukue futi yake na chaki. Walimpeleka Dongshan, kwenye jumba la mfanyabiashara aliyekimbia. Ndani, mtu mfupi wa makamo, mwenye miwani ya fremu ya fedha, alisimama katikati ya chumba amevaa fulana ya ndani tu. Alimwinamia Kuang kidogo, kama mgonjwa anavyomwinamia tabibu.

Kuang alianza kupima, akagundua mara moja. Bega la kushoto lilikuwa limeshuka, vidole viwili chini ya la kulia, na kovu lilizunguka mfupa wake kama mshono mbaya.

"Umeona," alisema jenerali, na Gao akatafsiri.

"Nimeona, mheshimiwa."

"Fundi wangu wa kwetu alikuwa akiweka pamba. Amekufa kwa homa. Weka pamba, kiasi ambacho hakuna atakayejua ila wewe. Jeshi likiliona bega hili limeinama, nalo litainama." Kisha akaongeza kwa upole, "Naomba."

Neno hilo Kuang alikuja kulizoea. Jenerali Tsugawa hakuamuru, aliomba. Wakati Kuang akingoja varandani, Gao alimsimulia habari za jenerali, kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za mtakatifu. Jenerali alikuwa mtoto wa mtengeneza karatasi katika nchi ya theluji. Aliingia shule ya kijeshi akiwa na miaka kumi na minne, kwa ufadhili, na viatu vya kuazima. Alipigwa risasi Manchuria na akakataa machela mpaka askari wake wote wabebwe kwanza. Alikula shayiri wanayokula askari. Maofisa wengine waliwazaba vibao vijana wao hadharani. Yeye hakumgusa mtu. Na kila askari wake alipokufa, alimwandikia mama yake barua kwa mkono wake mwenyewe.

Askari walimpenda, na hilo ndilo lililomtisha Kuang kuliko bunduki. Aliwaona wakinyooka jenerali anapopita, macho yao yanang'aa. Aliwaza kwamba mtu anayeogopwa huweza kutoa amri ikatekelezwa nusunusu, lakini huyu, akiomba kitu, hakuna atakayekifanya nusu.

Juu ya meza yake palikuwa na marundo mawili ya karatasi. Moja lilikuwa la barua za kuwapelekea wazazi wa askari waliokufa, la pili la amri za vita. Brashi ilikuwa moja na muhuri ulikuwa mmoja.

Desemba ile jenerali aliomba koti lake litiwe bitana ya sufu nzito. Guangzhou haina baridi ya kuhitaji sufu. Kuang alishona bila kuwaza. Baada ya siku tano majeshi yakaondoka kwenda milima ya kaskazini, na waliporudi Januari koti lilikuwa na harufu ya moshi ambayo haikutoka kwa sabuni wala kwa majivu. Hapo Kuang akaelewa. Nguo zilimwambia fundi kule jenerali anakokwenda kabla hata makapteni hawajaambiwa. Maarifa hayo yalimkaa rohoni kama mwiba. Hakumwambia mtu.

Juni ya mwaka 1940, Suying alikuwa Lianwei kwa wazazi wake, amejifungua mtoto wa kike siku ishirini zilizopita. Jumatatu asubuhi Kuang aliitwa Dongshan. Mezani, kwenye rundo la barua za wazazi, aliona barua mpya saba zinakauka wino. Mji mzima ulikuwa umesikia kwamba mashua ya doria ya Wajapani ilishambuliwa na wapiganaji wa msituni kwenye mifereji ya mashariki.

"Nataka koti la mvua," alisema jenerali. "Fupi, liishie magotini. Lipasuliwe pembeni, niweze kupanda na kushuka mashua ndogo. Ndani ya siku mbili, naomba."

Kuang alikuwa akipima goti aliposikia swali.

"Gao ananiambia mkeo amejifungua. Yuko hapa mjini?"

"Yuko kwao, mheshimiwa."

"Kwao wapi?"

Angeweza kudanganya. Maisha yake yote alijiuliza kwa nini hakudanganya. Lakini Gao alikuwa amesimama pale, na Gao alikuwa anajua.

"Lianwei."

"Ah, Lianwei," alisema jenerali, akaangalia dirishani. "Tutafika huko Jumatano. Maji yatakuwa mengi."

Gao alitafsiri, kisha akaangalia chini kama mtu aliyemeza mfupa. Jenerali aliendelea kusimama wima, mikono ameiachia, akingoja apimwe goti la pili. Kuang akapima. Akaandika namba. Akainama akatoka.

Alitembea mpaka nyumbani. Alijua kijiji, alijua siku. Nusu siku ya mwendo, na alikuwa na siku mbili. Lakini kama Jumatano Wajapani watakuta kijiji kitupu, jenerali hatakuwa na haja ya kuuliza nani aliyesema. Watakuja hapa, kwenye nyumba yenye mwanamke asiyeweza kushuka kitandani. Kuang alikaa mbele ya cherehani akakata koti. Alikata sawasawa, hakukosea hata pindo moja.

Jioni alimtuma muuza chumvi anayepita Lianwei: amwambie Suying mama mkwe yuko mahututi, aje na mtoto, asikawie. Hakutuma neno jingine.

Suying alifika Jumanne jioni, nyayo zimechubuka, mtoto kifuani. Alimkuta mama mkwe anakunywa uji. Alimtazama mumewe, kisha akamlaza mtoto. Jumatano moshi ulionekana kutoka juu ya mapaa ya mji, upande wa mashariki, mstari mweusi ulionyooka kwa sababu siku ile hapakuwa na upepo.

Walikufa watu sitini na watatu. Baba yake Suying, mama yake, kaka zake wawili, na mdogo wake Suqing ambaye alibaki kuangalia bata.

Baada ya wiki Suying aliuliza, mara moja tu. "Mama hakuwa mgonjwa. Ulijua."

"Nilisikia jeshi linatoka," alisema Kuang. "Sikujua linakwenda wapi. Niliogopa kwa ajili ya mtoto, nikakuita."

Suying aliitikia kwa kichwa polepole. Alilipokea jibu lile, na juu yake akajenga miaka hamsini na minane.

Koti lilirudishwa kwa Kuang lifuliwe, lina matope mpaka kiunoni. Alipolipeleka Dongshan, jenerali alilivaa, akanyoosha mikono, akaridhika.

"Mkeo alifika salama?"

"Alifika, mheshimiwa."

"Watu wote walikuwa majumbani mwao tulipofika. Nilikuwa najiuliza kama tutawakuta." Jenerali Tsugawa akamwinamia, safari hii chini zaidi kuliko siku ya kwanza. "Ahsante."

Alimshonea miaka mitatu mingine, mpaka jenerali alipohamishwa mwaka 1943. Pamba ya begani ilizidi kidogo kila mwaka.

Sasa, mwezi ule wa Machi, siku zilipungua na Kuang hakusema. Alikula kidogo. Alipishana na Suying kwenye ngazi akamtazama utosi wenye mvi. Mara mbili alifungua mdomo, na mara mbili akaomba chai. Alimfikiria yule mwanamke wa Kijapani akiingia dukani na daftari mkononi, akalifungua mbele ya Suying, na mkalimani wa kukodi akasoma kwa sauti kubwa. Hakujua kilichoandikwa. Alichokuwa na hakika nacho ni kwamba jenerali hakuwa mtu wa kuandika uongo.

Tarehe ishirini na tano Mwanahija alikuja kuchukua mzigo wake. Kontena lake lilikuwa linafungwa bandarini Huangpu kesho yake, naye alikuwa anaondoka Ijumaa. Alikagua mabuibui moja moja, kisha akakaa kwenye kigoda.

"Sasa niambie. Tangu siku ile ya barua umekonda kama uzi."

Kuang alitazama juu, kuelekea chumba cha Suying, na hapo akatambua kwamba katika nyumba ile ipo lugha moja ambayo angeweza kuisema kwa sauti yote bila mkewe kuielewa. Akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha reli, sentensi fupi fupi, maneno ya nyundo na mataruma, na ndicho alichotumia kueleza bega, barua saba, koti, muuza chumvi, moshi. Hakulia. Alisimulia akipanga vifungo mezani kwa rangi zake, na alipomaliza hapakuwa na kifungo kilichobaki kwenye kopo. Barua tu.

Mwanahija alikuwa ameshika ukingo wa mtandio wake mdomoni.

"Ungewaambia wakimbie," alisema hatimaye, "huyo jenerali angekuja kwako?"

"Angekuja. Mama yangu hatembei."

"Na watu sitini na watatu walikuwa wanatembea."

"Ndiyo."

Mwanahija alisimama, akafunga furushi lake la sampuli. Sauti yake ya kuamrisha ilikuwa imepungua. "Mzee wangu, mimi sina la kukuhukumu, sikuwapo, na Mungu ndiye ajuaye. Lakini usinipe mimi habari hii. Mimi Ijumaa napanda ndege. Kuna mtu yuko juu hapo, anakaanga vitunguu. Mwambie leo, kabla hajaambiwa na mgeni."

Hakumwambia siku hiyo, wala iliyofuata. Alimwambia asubuhi ya tarehe ishirini na nane, saa mbili kabla mgeni hajafika, Suying akiwa amekaa anachambua mboga.

"Kuna mwanamke anakuja leo," alianza. "Binti wa Tsugawa. Ana daftari la baba yake."

Mikono ya Suying iliendelea kuchambua. "Nimeiona barua kwenye kopo la vifungo," alisema. "Endelea."

"Mwaka ule nilikudanganya. Nilijua ni Lianwei."

"Hilo nililiwaza zamani. Nilisema moyoni labda ulimsikia askari akitaja jina njiani, dakika za mwisho, hukuwa na la kufanya ila kuniita mimi." Aliweka jani moja upande, akachukua jingine. "Nani alikuambia?"

"Yeye mwenyewe. Nilikuwa napima goti lake."

"Lini?"

Kuang alitamani angezaliwa bubu. "Jumatatu asubuhi."

Mikono ya Suying ikasimama. Alionekana anahesabu, midomo inacheza: Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Alirudia kuhesabu kama mtu asiyeamini hesabu yake mwenyewe.

"Siku mbili," alisema. "Nilipoondoka Jumanne, Suqing alinisindikiza mpaka darajani. Alitaka kuja na mimi amwone mtoto anavyolala kwenye kitanda cha mjini. Nikamwambia asubiri, mama mkwe anakufa, nyumba itakuwa na huzuni. Nikamrudisha." Akaliweka jani chini. "Ungesema neno moja tu kwa yule muuza chumvi, ningemchukua hata yeye."

Suying akanyanyua bakuli la mboga, akalimwaga lote kwenye ndoo ya taka, na akaenda kubadili nguo.

Bi Fumiko alikuja saa nne, mwanamke mwembamba wa miaka sitini na kitu, amevaa suti ya kijivu, pamoja na msichana mkalimani kutoka Hong Kong. Alileta boksi la vitamutamu. Aliinama mlangoni, akainama ndani, na Kuang aliutambua ule mwinamo wa jenerali. Alieleza kwamba baba yake alihojiwa baada ya vita, akaachiliwa, akaishi akilima bustani na kuwaandikia askari wake kila mwaka mpya mpaka alipofia kitandani. Watu wa pande zao walimheshimu. Kitabu kingeonyesha namna alivyoongoza kwa upole.

"Kuna sehemu moja inayotugusa sana," alisema, akafungua daftari mahali palipotiwa utepe. Mkalimani akasoma kwa Kikantoni, haraka haraka, bila kujua anasoma nini: "Fundi ameleta koti. Kazi safi. Nilimtajia kijiji ili nipate kumjua. Amemwita mkewe peke yake. Mji huu sasa uko mkononi mwangu."

"Sisi tunaamini," alisema Bi Fumiko, "kwamba baba alikitaja kijiji kwa huruma, ili mke wa fundi aokoke. Tungependa kulisikia hilo kutoka kwenu."

Kuang alifungua mdomo. Suying alimtangulia.

"Una kalamu?" alimuuliza mgeni.

Bi Fumiko akatoa kalamu.

"Andika. Zhan Deming, baba yangu. Mke wa Zhan, mzaliwa wa ukoo wa Hu, mama yangu. Zhan Suqing, miaka kumi na mitatu." Aliendelea, jina baada ya jina, sauti haipandi wala haishuki, nyumba kwa nyumba kufuata mfereji, kama anatembea Lianwei kutoka darajani. Alifika majina arobaini, akapita. Msichana mkalimani aliacha kutafsiri, akabaki ameshika mdomo. Kalamu ya Bi Fumiko ilikuwa imesimama juu ya karatasi. Haikuandika hata jina moja. Suying alipofika la sitini na tatu, mgeni alikuwa mweupe kama chaki. Alifunga daftari, akainama, akasema kitu ambacho hakikutafsiriwa, na wakatoka mvuani. Boksi la vitamutamu lilibaki mezani.

Mchana ule Suying alifunga nguo zake. Binti yao Huilian, yule aliyekuja mjini akiwa na siku ishirini, alikuwa akikaa na mumewe Huangpu karibu na bandari.

"Nisamehe," alisema Kuang.

"Mimi ni mmoja," alisema Suying. "Nenda Lianwei ukawaambie waliobaki. Usiseme kwamba nimekutuma."

Alikwenda Aprili, siku ya kufagia makaburi, ambayo kila ukoo huwa mbele ya wafu wake. Lianwei ilikuwa imejengwa upya zamani, nyumba za tofali na vigae. Kaburi la pamoja lilikuwa ukingoni mwa mfereji, na watu kama mia walikuwa wanachoma ubani. Wengi walimjua kama mkwe wa kijiji, wakampa nafasi. Kuang akasimama, akasema yote, tangu futi na chaki mpaka ahsante ya jenerali.

Mzee mmoja mwenye kovu la moto kuanzia sikioni hadi shingoni aliuliza, "Koti lilikuwa la rangi gani?"

"Kijani iliyofifia."

"Ndilo hilo," alisema yule mzee. "Nililiona kutoka ndani ya maji." Akageuka akaondoka, na wengine wakamfuata mmoja mmoja, mpaka Kuang akabaki peke yake na kaburi. Mwenyekiti wa kijiji alimsindikiza kituo cha basi. Njiani alimwambia kwamba wapo vijana wenye hasira, na asingeweza kumwahidi lolote.

Wiki mbili baadaye alikuta mlango wa chuma wa duka umepakwa rangi nyekundu, maandishi ya urefu wa mtu: ALIJUA, ALINYAMAZA. Soko zima lilisoma. Jirani aliyekuwa akimwazima pasi alianza kupita upande wa pili. Wateja walipungua, kisha wakaisha. Kuang alinunua mafuta ya kuondolea rangi, na alikuwa ameshaloweka kitambaa Suying alipotokea kichochoroni na mwavuli. Alikuwa amekuja kwa basi kutoka Huangpu. Aliyasoma maandishi, mstari wa kwanza, mstari wa pili.

"Usifute," alisema.

Kuang akaweka kitambaa chini. Suying hakuingia ndani.

Mwanahija aliporudi mwezi wa Juni, aliyakuta maandishi yamechujuka kidogo kwa mvua lakini yanasomeka. Aliuliza yana maana gani, na Kuang akamsomea kwa Kiswahili, neno kwa neno. Mwanahija alisimama kizingitini muda mrefu kabla hajavua viatu na kuingia. Siku ile alimletea kazi ndogo tu, mashati sita ya shule. Alikaa akangoja yaishe, na hawakuzungumza zaidi ya vipimo.

Fundi Kuang alifariki Novemba ya mwaka uliofuata, cherehani ikiwa imefunikwa kitambaa. Kitabu cha jenerali kilikuwa kimefika kwa posta mwezi mmoja kabla, kizito, kimefungwa kwa karatasi nzuri, na hakuna aliyekifungua. Suying na Huilian walisimamia mazishi. Kutoka Lianwei alikuja mtu mmoja, yule mzee mwenye kovu la moto. Alisimama mbali, nyuma ya wote, mikono mfukoni, hakuinama. Alipoona jeneza linaingizwa kwenye tanuri la kuchomea maiti, alivaa kofia yake akaenda kungoja basi.